Siku Aliyoichagua Mwanahamisi

Pale Nakambi, kijiji cha mwisho kabla mto Ruvuma haujajimwaga baharini, ukitaka kujua maji yatajaa saa ngapi unamuuliza Mwanahamisi. Hana elimu ya siri. Ametanda uduvi, wale kamba wadogo wanaonaswa kwa kitambaa, kwenye matope ya mlango wa mto tangu bado anafungiwa kanga shingoni, na mwanamke wa uduvi asiyejua mwezi umefikisha siku ngapi atarudi nyumbani na ndoo tupu. Mkute anasonga ugali, muulize ghafla, atakujibu bila kuinua mwiko: leo saa tisa na nusu, kesho yatachelewa karibu saa nzima, na wiki ijayo maji mafu, hayaji wala hayaendi.

Kwa hiyo watu humwendea. Anayeoza binti humwendea, anayeleta shehe kutoka Mtwara kusoma hitima humwendea. Wanataka siku nzuri, na siku nzuri Nakambi maana yake ni moja: siku ya bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, jioni maji yamefika hadi kwenye mizizi ya mikoko, matope yamefunikwa, upepo unanukia chumvi. Maji yakipwa, kijiji kizima kinanuka kama tumbo la samaki, na mgeni anayetaka kuuona mto lazima avue viatu. Mgeni hakanyagishwi tope. Hilo Mwanahamisi alifundishwa na mama yake kabla hajafundishwa kusoma.

Ana miaka arobaini na sita, mrefu, mkavu, mwenye mikono ya mwanamume. Na ni mgambo. Wageni hushangaa wakimwona na kombati juu ya gauni, kilemba kimefungwa chini ya kofia, lakini Nakambi hakuna tena anayeshangaa. Aliomba kuingia mafunzo mwaka ule aliouawa mdogo wake, Idrisa, na waliomfundisha walidhani atakata tamaa wiki ya kwanza. Hakukata.

Idrisa aliuawa kisiwani. Kisiwa chenyewe kiko katikati ya mto, upande wa Tanzania, udongo mweusi unaootesha mpunga bila mbolea, na kaya arobaini za Nakambi zililima huko miaka na miaka. Kati ya kijiji na kisiwa kuna mkono mdogo wa mto; kati ya kisiwa na Msumbiji kuna mkono mkubwa, ambao kiangazi nao hukauka mpaka mtu anavuka bila kulowesha kiuno. Asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja, saa tatu, maji yamekupwa, watu wenye silaha walivuka kutoka ng'ambo wakiwa wameshika viatu mkononi. Wakulima walikuwa wanafyeka.

Risasi zilisikika hadi msikitini. Askari wa kituo cha mpakani pale kijijini walikimbilia boti.

Boti ile ililetwa juu ya trela miezi saba kabla, imefungwa utepe wa rangi za bendera, na kijiji kilipiga ngoma. Ilitengenezwa nchi ya mbali kwa watu wenye bahari ya kina. Tumbo lake limeshuka kama la ng'ombe mwenye mimba, injini mbili zinaning'inia nyuma, na mbele kuna mahali pa kuweka bunduki kubwa. Inataka maji ya kifuani. Ule mkono wa mto, kiangazi, maji yakipwa, hufika magotini. Askari waliisukuma wakiimba, kisha wakaisukuma bila kuimba. Mitumbwi yote ilikuwa upande wa kisiwani pamoja na wakulima, na mkuu wa kituo wa wakati ule hakukubali watu wake watembee mtoni wazi wazi kama bata. Walipofika kisiwani ilikuwa karibu saa sita. Walikuta maiti tano na vijinga vya moto ambavyo havikuwa vimezimika. Idrisa alikuwa wa tatu kutoka mtoni. Alikuwa amekimbilia upande wa kijiji, upande wa boti.

Tangu siku hiyo kisiwa kililala misimu mitatu. Kaya arobaini zikawa zinaokota korosho katika mashamba ya wenzao na kupanga foleni ya unga wa msaada. Husna, mjane wa Idrisa, alikuwa mmoja wao, na ndiye aliyekuwa na haraka kuliko wote, kwa sababu alikuwa na watoto wanne na hasira ya kutosha watu kumi.

"Wifi, mimi narudi kulima," alikuwa akisema kila msimu.

"Utarudi," Mwanahamisi alimjibu kila msimu. "Siku watakapoleta boti ya tumbo bapa. Boti inayoweza kupita maji ya kuku. Kabla ya hapo, ukivuka, nitakufunga kamba kwenye mnazi."

"Kamba yenyewe utainunua kwa pesa gani, wewe mgambo usiyelipwa."

Walicheka, lakini ahadi ilikuwa ahadi. Kijiji kilimsikiliza Mwanahamisi. Aliposema msivuke, watu hawakuvuka.

Mkuu mpya wa kituo aliitwa Sajenti Elisha, Mngoni wa Songea, mtu mnene wa sauti ya chini, mwenye heshima, ambaye aliogopa maji na hakuficha. Wangoni na watu wa huku ni watani, kwa hiyo Mwanahamisi hakumhurumia. Ila alimpenda, kwa sababu alikuwa ameandika. Mara tatu aliandika kwa wakubwa kwamba boti haifai kwa mto huu, na kwamba kwenye orodha kituo kina watu ishirini na mmoja ilhali wanaolala kituoni ni tisa, wengine wamehamishwa na majina yao yamebaki.

"Barua zinapanda," alimwambia siku moja. "Hazishuki."

Mwishoni mwa mwezi wa saba Sajenti Elisha alikuja hadi jikoni kwake, akavua kofia.

"Dada Mwana, nipe siku."

"Unaoa, afande?"

"Nikioa utanusa pilau kabla hujaambiwa. Wageni. Wabunge. Imeundwa kamati ndogo, inapita vituo vya mpakani kuangalia watu, matumizi na vifaa. Wametupa wiki mbili za mwezi ujao, tuchague wenyewe siku, watalala Mtwara mjini."

Mwanahamisi aliweka mwiko chini. "Wabunge wenyewe? Siyo makarani?"

"Wenyewe. Saba." Akachuchumaa, akapunguza sauti japokuwa hapakuwa na mtu zaidi ya kuku. "Sikiliza. Mimi mbele yao siwezi kufungua mdomo. Nitaulizwa, nitajibu ndiyo na hapana, na pembeni yangu atakuwepo mkubwa kutoka makao makuu. Lakini wewe ni raia. Mgambo ni raia. Mwenyekiti wao ni mama, wanasema anapenda kusikiliza watu. Nitaomba upewe dakika."

"Niseme la boti."

"Useme la boti."

Ndipo akamuuliza tena siku nzuri, na Mwanahamisi akahesabu kwa vidole, mwezi utakuwa mpevu lini, akajibu kama alivyowajibu wenye arusi na wenye hitima maisha yake yote: "Alhamisi ya wiki ya pili. Saa kumi jioni. Maji yatakuwa yamejaa vizuri kabisa." Sajenti akaandika kwenye kiganja cha mkono. Mtu wa milimani yule, maji kwake yalikuwa maji tu. Wala yeye Mwanahamisi hakuwaza zaidi. Alikuwa anawaza viatu vya wageni.

Wiki mbili alitunga maneno. Aliyasema akitanda uduvi, akayasema akitwanga. Husna alikaa juu ya kinu akijifanya mwenyekiti.

"Mama, una dakika moja," alisema Husna, amekunja midomo kibunge.

"Mheshimiwa, boti hii ni nzuri, ila si ya hapa."

"Usianze kwa kuisifia, wifi. Ukiisifia wataandika hilo tu."

"Mheshimiwa, boti hii ilimwacha ndugu yangu afe."

Husna akashuka kwenye kinu. Kisha akasema, kwa sauti yake mwenyewe, "Sema hivyo hivyo."

Jumatano lori lilileta vijana kumi na wawili kutoka vituo vingine, wenye viatu vinavyong'aa. Ilisemwa wamekuja kwa mazoezi. Tisa na kumi na wawili, hesabu yake mtoto wa darasa la kwanza anaiweza.

Alhamisi saa tisa na nusu magari manane yaliingia Nakambi. Mwenyekiti wa kamati, Mheshimiwa Raheli, alikuwa mama wa miaka sitini hivi, amevaa viatu vya chini, macho ya mwalimu. Alisalimia kina mama kwanza, na hilo lilimpa Mwanahamisi moyo. Mheshimiwa alihesabu askari mwenyewe, kwa kidole, mstari kwa mstari, akalinganisha na karatasi. Ishirini na mmoja. Akauliza kama wanatosha. Mkubwa kutoka makao makuu, mwanamume mwembamba mwenye miwani, akamtazama Sajenti Elisha, na Sajenti Elisha akasema, "Ndiyo, Mheshimiwa." Jasho lilimtoka hadi kwenye mkanda.

Kisha wakateremka mtoni, na Mwanahamisi, aliyesimama mstari wa pili na wenzake wa mgambo, akayaona maji.

Yalikuwa yamejaa kama alivyosema. Yamefika mikokoni, mapana, matulivu, ya rangi ya chai ya maziwa, na juu yake boti imeelea, nyeupe, inacheza kidogo kwenye kamba yake kama mbuzi aliyeshiba. Hakuna tope. Hakuna harufu. Hapo ndipo alipoelewa alichokifanya. Alimtafuta Sajenti kwa macho. Sajenti naye alikuwa anaitazama boti, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza.

Wabunge wanne walipanda, pamoja na mwenyekiti. Wakavishwa maboya ya kuokolea. Injini zikanguruma, boti ikanyanyua pua, ikavuka hadi kisiwani kwa muda ambao mtu hangemaliza kuvuta sigara moja, ikazunguka kisiwa, ikarudi na povu jeupe nyuma yake. Watoto walishangilia. Mbunge mmoja kijana alishuka akijipangusa uso na kucheka, akasema, "Hii kweli ni chombo."

Mwanahamisi alipewa dakika yake. Sajenti Elisha alitimiza ahadi. Aliomba, ingawa sauti yake ilikuwa imekwisha.

"Mheshimiwa," alisema Mwanahamisi, "boti hii ilimwacha ndugu yangu afe."

Mheshimiwa Raheli alimsogelea hadi karibu. "Pole sana, mama. Nieleze."

Akaeleza. Alieleza vizuri, hakulia, hakupiga kelele. Asubuhi, maji magotini, kusukuma, saa tatu mpaka saa sita. Boti inataka maji ya kifuani, na maji ya kifuani yapo siku chache za bamvua, saa chache tu kila mara. Masika mto unajaa, ni kweli, boti inatembea. Lakini masika hata wenye silaha hawavuki. Wanavuka kiangazi, kwa miguu, wakati boti imelala mchangani. Wanachohitaji ni boti mbili ndogo za tumbo bapa zenye injini moja moja, hata za mtumba.

Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mwenye miwani.

"Mheshimiwa," alisema mwenye miwani, kwa upole kabisa, "lile tukio lilitupa mafunzo, na marekebisho yamefanyika. Lakini kuhusu uwezo wa chombo, nadhani hakuna ushahidi mzuri kuliko macho yetu wenyewe. Tumetoka kukipanda."

"Leo ni bamvua," alisema Mwanahamisi. "Mheshimiwa, rudi kesho saa nne asubuhi. Au kaa tu hapa mpaka saa nne usiku, utaona mwenyewe."

Mheshimiwa Raheli alitazama saa yake, na kwa jinsi alivyoitazama Mwanahamisi akajua jibu. "Kesho asubuhi tuna ndege, mama. Ratiba hii hatukuipanga sisi peke yetu. Siku tuliwaachia ninyi." Akamgeukia Sajenti. "Nani aliyechagua siku ya leo?"

Sajenti Elisha alifumba macho.

"Mimi," alisema Mwanahamisi.

Mbunge kijana alicheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kama mtu yeyote angecheka. "Sasa mama yangu, ulitaka tuione haitembei, ukatuitia siku inayotembea?"

"Ninyi ni wageni," alisema Mwanahamisi.

Alitaka kuongeza la viatu, la mama yake, la harufu. Lakini mbele ya suruali zile zilizopigwa pasi maneno yale yalionekana ya kipumbavu, akayameza. Mheshimiwa Raheli alimshika bega, akamwambia maoni yake yameandikwa. Karani mmoja kweli alikuwa anaandika. Saa kumi na mbili kasorobo magari yaliondoka, na saa nne usiku boti ililala ubavu mchangani kama kawaida yake, bila mtu wa kuiangalia.

Taarifa ya kamati ilisomwa bungeni mwezi wa kumi na moja. Mwalimu wa shule ya msingi aliifungua kwenye simu, watu wakamzunguka barazani. Ilikuwa ndefu na yenye adabu. Kuhusu kituo cha Nakambi ilisema idadi ya askari inalingana na ikama, kamati ilishuhudia chombo kikifanya kazi kwa ufanisi, na inashauri chombo kama hicho kinunuliwe kwa vituo vingine viwili vya mto huo huo. Ilisema pia kwamba wananchi wapewe elimu zaidi kuhusu matumizi ya vifaa vya ulinzi. Elimu ile, watu walielewa, ilikuwa inamhusu Mwanahamisi. Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma kuliko kicheko.

Wiki iliyofuata alikuja ofisa kutoka wilayani. Alizungumza dakika kumi. Kwa kuwa usalama wa kisiwa umethibitishwa na Bunge lenyewe, alisema, unga wa msaada utakoma mwisho wa mwezi, na kaya zote zinahimizwa kurudi mashambani kabla ya mvua. Mtu aliuliza kama ni amri. Ofisa alisema ni himizo.

Jioni hiyo Husna alikuwa ananoa panga uani kwake. Mwanahamisi alisimama mlangoni.

"Umesikia mwenyewe," alisema Husna bila kuinua kichwa. "Unga umekwisha."

"Nimesikia."

"Usiniambie la kamba na mnazi."

"Sikwambii kitu."

"Ungewaambia waje maji mafu." Husna alisema taratibu, jiwe la kunolea linakwenda na kurudi. "Mtoto wa miaka sita wa hapa angewaambia waje maji mafu. Wangezama kwenye tope hadi mapajani na suti zao, wangeiona boti imelala kama nguruwe, wangeandika hivyo. Wewe ukawapa bamvua. Ukawatandikia mkeka."

"Niliulizwa siku nzuri, wifi."

"Nzuri kwa nani?"

Mwanahamisi alikuwa amejiuliza swali hilo hilo kila siku tangu ile Alhamisi. Husna alijaribu makali ya panga kwa kidole gumba, akaliweka chini, na ndipo akamtazama. "Sikuchukii. Ningekuchukia ningekuwa na nafasi. Jumatatu navuka na watoto wawili wakubwa."

Kesho yake Mwanahamisi alikwenda kituoni. Vijana kumi na wawili walikuwa wamerudi walikotoka siku nyingi. Sajenti Elisha alikuwa amekaa kwenye benchi, mbele yake barua ya nne aliyokuwa hajaimaliza.

"Niweke kisiwani, afande," alisema Mwanahamisi. "Mimi na mgambo wawili. Tukae kule na bunduki moja mpaka mvua zianze."

"Kisiwani hakuna kituo."

"Ndiyo maana naomba."

"Dada Mwana." Sajenti alipangusa uso. "Nikiomba kituo kisiwani naomba watu. Nikiomba watu wanafungua orodha, wanaona ishirini na mmoja, na kamati imeandika ishirini na mmoja, imewahesabu kwa kidole. Nitakuwa namwambia Mheshimiwa hajui kuhesabu. Na bunduki haivuki mto bila kibali."

"Basi hao tisa wajilinde wao tisa."

"Unanionea. Unajua nimeandika."

"Sikuonei. Umeandika, na mimi nimesema. Tumefanya kazi nzuri sana mimi na wewe."

Alivua mkanda wa kombati, akaukunja, akauweka juu ya barua. Kofia akaiweka juu ya mkanda. Sajenti alisema atavitunza, hatavihesabu kama vimerudishwa. Mwanahamisi alimwambia avihesabu anavyotaka, hapa watu wanajua kuhesabu.

Jumatatu ilikuwa maji mafu. Asubuhi na mapema kaya kumi na nne zilishuka mtoni na mapanga, majembe, masufuria, kuku wamefungwa miguu. Hapakuwa na haja ya mtumbwi. Husna alitangulia na watoto wake wawili, gauni amelikunja kiunoni, hakugeuka nyuma. Mwanahamisi alifuata na jembe begani na debe tupu la kupiga endapo patatokea jambo, kwa kuwa alijua debe likigongwa kisiwani linasikika hadi msikitini. Tope lilimshika vifundoni, kisha likamwachia, kisha maji yakafika magotini, na hayakupanda zaidi ya hapo.

Boti ilikuwa imelala pembeni, injini zimechomeka mchangani. Sajenti Elisha alisimama karibu nayo, amekunja suruali, kwa mara ya kwanza miguu yake iko ndani ya maji.

"Mtani," aliita. "Likitokea jambo, mtafanyaje?"

Mwanahamisi hakusimama. "Tutakuja kwa miguu, afande. Kama wao."

Akaendelea kutembea. Upande wa pili Husna alikuwa amekwishapanda ukingo, ameanza kufyeka, na mlio wa panga ulivuka maji kwa urahisi.